Mirathi ya Shilingi 86,000 na Mtoto wa Mtwapa

Jirani yangu hapa Bombolulu, Mombasa, alifiwa na mumewe, fundi wa gereji huko Changamwe. Marehemu aliacha shilingi 86,000 benki, pikipiki moja ya boda na watoto wanne. Si Waislamu, kwa hiyo faili lilifunguliwa kwa hakimu. Kila nilipomkuta stejini akingoja matatu ya kwenda mjini, alikuwa ameikumbatia bahasha ileile ya kaki: cheti cha kifo, barua ya chifu, nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bahasha ilichanika ukingoni, akaibandika selotepu. Ikapita zaidi ya mwaka. Pikipiki iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba ikala kutu, na hakuna aliyethubutu kuiuza, maana Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ukimwona mama huyo, huhitaji mwanasheria wa kukueleza kwa nini watu wanadai njia ya mkato kwa mirathi ndogo. Utaratibu wa sasa unataka tangazo lichapishwe katika gazeti rasmi la serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga, hati ya kumruhusu mtu kusimamia mali ya marehemu itoke, kisha kwa kawaida ingojewe miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Ndipo mali igawanywe. Shilingi 86,000 za fundi zinapita mlango uleule unaopitwa na ghorofa la Nyali, mtaa wa matajiri. Nauli, kiapo, fotokopi na siku za kibarua alizopoteza yule mama zilikuwa zinamla kabla hajaziona hizo pesa.

Ni kweli kuna hatua iliyopigwa. Kabla ya mwaka 2015 hakimu alikuwa na mamlaka juu ya mirathi isiyozidi shilingi 100,000 tu. Leo hakimu mkazi anafika milioni 5 na hakimu mkuu milioni 20. Lakini hilo lilisogeza mlango tu. Ukishaingia ndani, mwendo ni uleule. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: chini ya sheria ya mwaka 2016 ya madai madogo, anayemdai mwenzake deni la hadi shilingi milioni 1 ana mahakama inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Mahakama hiyo haigusi mirathi. Mwenye duka anaweza kupata chake kwa miezi miwili, na mjane angoje mwaka kwa pesa za mumewe mwenyewe.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Uganda ina sheria maalumu ya mirathi ndogo tangu 1972. Afrika Kusini, mirathi isiyozidi randi 250,000 hutolewa barua ya mamlaka badala ya kupitishwa katika mlolongo wote.

Hadi hapo nilikuwa upande wa mkato bila kusita. Kisha likaja jambo la Mtwapa.

Barua ya chifu ilitaja watoto wanne, wale waliokulia nyumba hii. Ombi likiwa bado mahakamani, akatokea mama mwingine kutoka Mtwapa na msichana wa miaka tisa, na cheti cha kuzaliwa chenye jina la fundi. Tangazo la gazetini hakuliona. Sidhani kama kuna mtu mtaani kwao analisoma. Alipata habari kwa mtu aliyehudhuria matanga. Lakini aliwahi, kwa sababu mambo yalikuwa polepole. Sheria inamtambua mtoto ambaye baba alimkubali kuwa wake, hata kama hakumuoa mama yake. Lau pesa zingetoka wiki ya pili kwa kiapo cha mtu mmoja, yule msichana angekuta sahani imeshaoshwa. Ucheleweshaji uliomtesa jirani yangu ndio uliomlinda mtoto huyu, na siwezi kulisema moja nikaliacha la pili.

Kwa Waislamu wa mji huu mahakama ya Kadhi inarahisisha mengi, mradi pande zote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Mafungu yanajulikana: mke mwenye watoto ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la binti. Hesabu haichukui muda. Kinachochukua muda ni orodha: nani ni mke, nani ni mtoto. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba Mwislamu kwa sababu hiyo pekee, na mjadala wake ungali moto barazani.

Halafu kuna nyumba zetu za Majengo. Mwenye nyumba anamiliki kuta, milango na mabati. Kiwanja ni cha mtu mwingine na hulipiwa kodi. Ukiithamini kwenye karatasi, nyumba kama hiyo ya vyumba sita inaweza kuonekana ndogo kabisa, chini ya kiwango chochote cha mkato utakachoweka. Lakini chumba kimoja analala shangazi mtu mzima, viwili vimepangishwa na kodi yake ndiyo karo, na kaka mkubwa ana mnunuzi tayari. Hapo kosa la orodha halirekebishwi, kwa sababu mnunuzi akishavunja na kujenga, shangazi hana pa kurudi.

Kwa hiyo nakataa kuupima udogo wa mirathi kwa shilingi peke yake. Pesa taslimu, mshahara uliobaki, akiba ya chama na pikipiki vipewe njia ya mkato, na kiwango kiandikwe kwenye sheria. Benki isimkabidhi mtu mmoja fungu lote. Ilipe kila mrithi kwa jina lake, na la mtoto liwekwe kwenye akaunti yake. Majina yabandikwe ofisi ya chifu, msikitini na kanisani kwa siku 30, mahali ambapo watu husoma. Nyumba, hata ya udongo na makuti, ibaki kwa hakimu au kadhi, na warithi wote waitwe.

Na ile barua ya chifu iongezwe mstari mmoja, ujazwe kwa kiapo: watoto wengine wa marehemu, popote walipo, na jina la mama wa kila mmoja. Jirani yangu aliniambia angeujaza. Alimjua yule msichana tangu akiwa mchanga, hakuna aliyemuuliza.