Skima Ikae Tumboni mwa Programu

Duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro, saa mbili asubuhi. Nimechomeka flashi, nimefungua programu mbele ya mwenye duka, imewaka vizuri. Anaingiza mifuko ya saruji, inagoma: jedwali la bidhaa halipo. Faili la schema.sql, lenye skima, yaani ramani ya majedwali ya data, nimeliacha nyumbani. SQLite, mfumo wa hifadhidata inayokaa katika faili moja, nayo haikunionya, maana ikikosa hifadhidata huunda mpya, tupu, ya baiti sifuri, ikanyamaza. "Kijana, umeniletea ganda?"

Tangu siku hiyo sitaki kusikia habari za skima inayosafiri peke yake. Lugha ya programu ya Go, kuanzia toleo 1.16 la Februari 2021, inakuruhusu kuandika //go:embed schema.sql juu ya kigezo, yaani jina linalobeba data, na kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, inalimeza faili zima. Wa lugha ya Rust wana include_str! kwa kazi hiyohiyo. Ila kwenye Go chunga: ukiacha nafasi kati ya mikwaju (//) na neno go, mstari unageuka maelezo ya kawaida yanayopuuzwa, kila kitu kinakompailika, na kigezo kinabaki kitupu. Mchana mzima uliniishia hapo.

Kazi hasa huanza mteja anapotaka safu mpya. Amri ya CREATE TABLE IF NOT EXISTS (unda jedwali kama halipo) haitakusaidia. Ikikuta jedwali lipo inapita tu, safu yako haiongezwi. Mimi naingiza ndani ya programu hatua zote za kubadilisha skima, zenye namba: 001, 002, 003. SQLite ina PRAGMA user_version, namba inayokaa ndani ya faili la data lenyewe na kuanzia 0. Programu ikiwaka inaisoma, inaendesha hatua zilizobaki pamoja na kuipandisha namba, yote katika muamala mmoja, yaani yote yafanikiwe au yote yafutwe. Umeme ukikatika katikati, tunarudi tulipokuwa. Hifadhidata ya MySQL haikupi raha hiyo, kila amri ya CREATE (kuunda) au ALTER (kubadilisha) inajithibitisha yenyewe papo hapo. Na hatua iliyokwisha kufika kwa mteja siigusi hata kama ina aibu. Naandika nyingine ya kuirekebisha.

Wenzangu wa mabenki hunicheka: skima ni ya msimamizi wa hifadhidata. Kwao ni kweli. Programu tano zikitumia hifadhidata moja ya PostgreSQL, sitaki hata moja iwe na ruhusa ya kufuta jedwali, wala nakala mbili ziwake pamoja zikigombea hatua ileile. Lakini pale Morogoro msimamizi ni nani? Kuna mwenye duka, kijana wa kaunta, na paka anayelala juu ya printa.