Kilomita za zege si usafiri

Tumezoea kupima upanuzi wa usafiri wa Dar es Salaam kwa urefu wa barabara zinazozinduliwa, na kwa maoni yangu kipimo hicho kinatupotosha.

Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016, katika awamu ya kwanza yenye takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Kujenga kwa awamu ulikuwa uamuzi wa busara, kwani jiji lenye mapato kama yetu haliwezi kujenga njia zote kwa mkupuo, na tena kila awamu inapaswa kuifundisha inayofuata. Huduma hiyo ilianza na mabasi 140, ambayo abiria waliyazidi mapema, na kwa kuwa nyongeza haikutosha ilhali mabasi yaliyopo yakichakaa, vituo vya Kimara na Gerezani vikawa mahali pa kusukumana. Hata hivyo, awamu ya pili ilipojengwa kwenye Barabara ya Kilwa, njia ilikaa muda mrefu bila mabasi yake, huku wakazi wa Mbagala wakiendelea kubanana katika daladala zilizopita kando ya njia tupu. Jambo hilo liliniumiza sana, maana mkopo ulikwisha kuchukuliwa na mwananchi hakupata alichoahidiwa.

Chanzo chake kinaeleweka: barabara hugharamiwa kwa mikopo ya taasisi kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wakati mabasi husubiri mwekezaji, kwa hiyo mradi mmoja huendeshwa kwa mifuko miwili yenye ratiba tofauti. Napendekeza zabuni ya mwendeshaji itangazwe pamoja na ile ya ujenzi, na mkandarasi asikabidhiwe eneo kabla mkataba wa mabasi haujasainiwa.

Karakana nazo zipangwe mapema, mahali pakavu. Ile ya Jangwani iliwekwa katika bonde la Mto Msimbazi na imefurika mara kwa mara.

Daladala zinazoondolewa kwenye barabara kuu zipewe njia za kuwaleta abiria vituoni kutoka Goba, Kibamba na Chanika, kwa tiketi moja. Kwa njia za Gongo la Mboto na Tegeta, wabunge wa Dar es Salaam wanapaswa kuidai Serikali tarehe ya basi la kwanza, si asilimia ya ujenzi.