Kitenzi Kikimtangulia Mtendaji

Kuna uandishi wa Kiingereza ninaoutambua kabla sijamaliza aya ya kwanza. Unafungua na "Not only did", inafuata "Never before have", na hujakaa sawa, "Little did they know" imeshabisha hodi. Mwandishi kanuni ya mgeuzo anaijua, yaani kumtangulizia mtendaji (kiima) kitenzi, au kisaidizi chake kama "did" na "have"; hilo halina ubishi. Lakini kila sentensi inapiga kelele, na msomaji hajui ipi ndiyo yenye jambo.

Lawama nazitupia lile zoezi la kuandika sentensi upya: anza na "Hardly", anza na "No sooner". Mwanafunzi anageuza, anapewa alama, mchezo umekwisha. Hakuna anayemuuliza kwa nini mtu aache "As soon as we arrived, it rained" achukue "Hardly had we arrived when it rained". Zote mbili ni sahihi. Ila ya pili inataka tuhisi kwamba mvua ilitunyima hata nafasi ya kutua mizigo. Kama hisia hiyo huihitaji, huna haja ya "Hardly".

Wengi hudhani mgeuzo huu ni urembo uliopachikwa baadaye. Kumbe ni wa kale. Katika Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita, mara nyingi kitenzi kilishika nafasi ya pili katika sentensi, kama Kijerumani kinavyofanya hadi leo: ukianza na neno la wakati au la mahali, kiima kinasogea nyuma ya kitenzi. Baadaye Kiingereza kikazoea kutanguliza kiima, yakabaki masalia machache, hasa pale sentensi inapofunguliwa na neno la kukanusha.

Sisi wasemaji wa Kiswahili jambo hili halitakiwi kutupa taabu. "Wageni wameingia mjini" na "Mjini kumeingia wageni" hazina uzito mmoja, na hakuna aliyetufundisha tofauti hiyo darasani. Katika ya pili, wageni ndio habari mpya, kwa hiyo wamewekwa mwisho. Kiingereza kina mantiki hiyohiyo. Basi likitokea kwenye kona watu husema "Here comes the bus", lakini likishatajwa husema "Here it comes". Kiwakilishi "it" hakina upya wa kukifanya kisubiriwe hadi mwisho.

Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliijua kazi hii. Tarehe 20 Agosti 1940, akiwazungumzia marubani wa kivita bungeni, alisema: "Never in the field of human conflict was so much owed by so many to so few." Sikiliza inavyotua. "Never" imefungua mlango, "was" imeruka mbele, na njia nzima imeachwa wazi hadi kwa wale wachache, "so few". Na hotuba yenyewe ilikuwa ndefu; sehemu kubwa yake ni maelezo ya vita kwa sentensi zilizonyooka. Ndiyo maana hii moja ilikumbukwa.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye "Only". Utakuta mtu ameandika "Only after did she leave we understood". Amegeuza, ndiyo, lakini amegeuza kishazi kisichohusika. Kinachogeuka ni kile kikuu: "Only after she left did we understand". Na "Only" ikikaa na kiima chenyewe, hakuna cha kugeuza: "Only she knows", basi.

Wa pili ni "In no time". "In no time he was asleep" maana yake alilala mara moja, wala hakuna kitu kilichokanushwa, kwa hiyo kiima kinabaki mahali pake. Ukisema "At no time was he asleep", hapo umekana kwamba alilala hata kidogo, na kitenzi lazima kitangulie. Anayekariri orodha ya maneno ya kufungulia sentensi bila kuangalia kinachokanushwa atanaswa hapa kila siku.

"Should you need" na "Had we known", yaani "If you should need" na "If we had known" zilizogeuzwa na kuacha "if", ziachie barua rasmi. Ukizitumia, kumbuka tu kwamba "not" hujitenga: "Had we not known", si "Hadn't we known".

Kinachonikera ni kwamba huyohuyo anayejivunia "Hardly had" ataandika "I don't know where is he". Hapo hapageuzwi! Swali likimezwa ndani ya sentensi nyingine, kiima kinarudi mbele: "I don't know where he is". Kama ratiba ingekuwa mikononi mwangu, hili lingefundishwa kwanza, pamoja na "So do I" na "Neither do I", ambazo mtu anazihitaji kila akiongea na mwenzake. "No sooner" ingesubiri mwaka wa mwisho, na wala nisingeitungia mtihani.