Ukuta wa Bibi Hautaki Drili

Runinga ya dadangu ilianguka Alhamisi usiku. Sisemi iliangushwa. Hakuna mtoto aliyeigusa, wala paka aliyepita, na upepo wa kusi nje haukuwa na habari nayo. Ilikuwa siku ya tisa tangu fundi aitundike. Sisi tuko ukumbini tunakula, tukasikia mchakacho kama mtu anayemwaga mchele kwenye sinia, kisha kishindo. Chini yake palikuwa na godoro. Juu ya godoro hilo, muda mfupi kabla, alikuwa amelala mtoto wa miezi saba, na kilichomwondoa pale ni kujikojolea tu. Alikuwa anaogeshwa.

Huyo fundi nilimwambia. Niliweka msumari kwenye lipu nikausukuma kwa kidole gumba, ukaingia. Nikamwambia, "Kaka, ndoo uone." Akacheka. "Dada, hii hata ije tsunami mtaikuta papa hapa."

Nyumba ni ya bibi yetu, mtaa wa Mkomani, mji wa kale wa Lamu. Mnazijua hizo kuta: unene wa dhiraa, mawe ya matumbawe yasiyolingana, katikati chokaa na mchanga, juu lipu ya chokaa. Zimekaa miaka na miaka kwa sababu ni nzito na zinategemeana, si kwa sababu kila kipande chake ni kigumu. Fundi aliyezoea nyumba za matofali ya saruji anakuja na vile viplagi vyake vya plastiki. Kazi ya kiplagi ni kutanuka ndani ya tundu skrubu inapoingia, kikabana kuta za tundu. Kwenye saruji kinabana. Kwenye chokaa kinajitanua ndani ya unga.

Na drili yenyewe ilimwambia! Nilikuwa nimesimama pale. Tundu la kwanza likatoa vumbi jeupe laini kama unga wa ngano, kisha drili ikazama ghafla mpaka kwenye shingo, maana yake imepita kwenye kiungo, haikugusa jiwe. Anayejua kazi angesimama hapo akatafute jiwe pengine. Yeye akapuliza vumbi, akaingiza plagi, akasogea kwenye tundu la pili. Baada ya ajali niliichomoa plagi moja iliyobaki kwa vidole viwili, kama mtu anayechomoa njiti kwenye keki. Matundu manne ya namna hiyo yalibeba runinga ya inchi 55 na breketi yake, tena ile breketi ya mkono ambayo unaivuta mbele kugeuza runinga. Ukishaivuta, uzito wote unang'oa skrubu za juu. Ongeza unyevu na chumvi vinavyopanda kwenye kuta zetu mpaka lipu inavimba, halafu niambie tena habari ya tsunami.

Kama ni lazima itundikwe, basi lipatikane jiwe lenyewe, au ubao mnene ufungwe ukutani sehemu nyingi kwa skrubu ndefu, kila moja kwenye jiwe, na runinga ifungwe kwenye ubao kwa breketi bapa isiyovutwa. Ni kazi ya siku nzima, na fundi atadai pesa ya siku nzima. Mlipe.

Shemeji naye ana wazo lake: tubomoe zidaka, vile vishubaka vya ukutani, tuitie mle. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na bado kuna mtu anatazama zidaka zilizochongwa kwa mkono akaona nafasi ya kutazamia ligi.

Haya, nakubali, shingo upande: ukutani mtoto haifikii. Ile ya kichogo tuliyokulia nayo ilikaa juu ya meza ndefu ya droo, na binamu yangu akazivuta droo akazifanya ngazi. Runinga zile uzito wake uko mbele, kwenye kioo, kwa hiyo ikiinama inakujia usoni. Alitoka na kovu la kidevu, na mpaka leo tunamwita Msoma Habari. Alichokuwa anakifuata juu ni rimoti. Watu wazima wenye akili zao wanaweka rimoti juu ya runinga, kisha wanashangaa mtoto kapanda!

Mengine sina nguvu nayo leo. Runinga ikivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, kule bara, ibebwe imesimama, isilazwe chali kwenye mkokoteni kama mgonjwa, kioo kitapasuka. Vile vitambaa vya kufuma vitolewe juu yake, vinaziba matundu ya hewa. Na aliyeondoa fyuzi kwenye plagi ya umeme akafunga kipande cha waya, anajijua.

Sasa dadangu ameinunua nyingine, na haikutundikwa. Imekaa juu ya sanduku la bibi la msaji, lile lenye njumu za shaba ambalo wanaume wawili walihema kulisogeza hatua tatu. Ni fupi, ni pana, halina droo. Nyuma tumefunga mkanda kutoka kwenye runinga mpaka kwenye sanduku kwa skrubu mbili ndogo, bibi anisamehe huko aliko, Mungu amrehemu. Mtoto anapiga kioo kwa viganja na hakitikisiki.

Fundi amenipigia simu mara mbili akidai salio lake. Mara ya pili akaniambia nifanye haraka, kesho ana kazi kwa jirani, inchi 65. Nitafika kabla yake, na msumari wangu mkononi.