Hildy hakuwa mtu wa Albany

Juzi tulikaa na jamaa zangu kuitazama His Girl Friday, ile filamu ya Howard Hawks ya 1940. Dakika ya kumi tu mmoja akalalamika: "Hawa mbona wanabwabwaja, hawavuti hata pumzi?" Ilipokwisha akaongeza kwamba Hildy, yule ripota wa kike, angemfuata mchumba wake Bruce mjini Albany, akatulie kama mke wa mtu. Nililala na hasira.

Kasi ile haikuokotwa. Tamthilia iliyoizaa, The Front Page ya 1928, waliiandika Ben Hecht na Charles MacArthur, waliokuwa waripota Chicago. Humo Hildy ni mwanamume. Hawks akampa nafasi Rosalind Russell, akawaacha waigizaji wadakiane maneno.

Lakini nyinyi mnaochoshwa na kasi, mlimwona Hildy gerezani? Anaketi na Earl Williams, mtu wa kunyongwa alfajiri, na sauti yake inashuka. Hamharakishi. Anamuuliza taratibu juu ya hotuba alizozisikia bustanini alipokosa kazi, mpaka linatoka lile wazo kwamba kila kitu kimeundwa ili kitumike. Bastola je? Imeundwa ipigwe, naye Earl akaipiga. Waripota wenzake wako chumbani kwao wanacheza karata. Yeye anamsikiliza mtu. Halafu Mollie Malloy, rafiki wa Earl, anaingia chumbani mwao kuwalilia kwa uongo waliomwandika, nao wanamkejeli. Hildy anamshika, anamtoa nje. Chumba kizima kinanyamaza. Anarudi, anawatazama, anasema tu: "Waungwana wa magazeti." Nimeiona mara nyingi, na kila mara mwili hunisisimka. Kelele zote za nyuma zilikuwa zinautengenezea nafasi ukimya ule.

Haya, Walter Burns, mhariri wa Hildy na aliyekuwa mumewe, ni mhuni. Kumtia Bruce ndani kwa hila na kumteka mama yake ili Hildy asiondoke, hayo sitayatetea hata siku moja. Na jinsi watu weusi wanavyotajwa mle inauma. Bruce mwenyewe sina neno naye, ni mpole.

Ila Hildy alishaaga, tiketi ya treni ipo, mchumba anamsubiri. Risasi zikalia kwamba Earl katoroka, naye akachomoka mbio, akamrukia mlinzi wa gereza na kumwangusha chini ili ampe habari. Mtu wa namna hiyo mnamwambia akatulie?

Shangazi yangu aliacha uripota wiki aliyoolewa, ndugu wa mume walitaka hivyo. Mpaka leo taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, hataki mtu aongee, na mkononi ameshika kalamu.