Kibao chenye namba 1689: mwongozo wa ajali za kemikali unamfaa nani barabarani kwetu?

Chukulia lori limepinduka usiku. Tela limelala mtaroni, mzigo umepasuka na vidonge vyeupe vimetapakaa kwenye nyasi. Dereva haonekani. Mwenye bodaboda aliyefika wa kwanza anamulika kwa simu na hajui kama ni mbolea, chumvi au sumu. Ubavuni mwa kontena kuna kibao chenye namba 1689.

Mtu mwenye Emergency Response Guidebook, mwongozo wa ajali za kemikali, kile kitabu chenye jalada la rangi ya chungwa ambacho Marekani, Kanada na Meksiko hukitoa pamoja kila baada ya miaka minne, angepata jibu kabla ya dakika kuisha. Kurasa za njano zimepangwa kwa namba: 1689 ni sianidi ya sodiamu, ile ya kuchenjulia dhahabu, fungua mwongozo 157. Kurasa za chungwa, 157: kaa upande upepo unakotoka, zuia watu wasikaribie walau mita 25 kila upande kama mzigo ni mkavu, 50 kama ni wa majimaji. Kwenye sehemu ya moto kuna maneno mawili matatu ambayo jicho la haraka lingeyaruka: kizimamoto cha kaboni dioksaidi kisitumike kwenye sianidi. Hewa hiyo ikikutana na unyevu huwa tindikali hafifu, na sianidi ikiguswa na tindikali hutoa gesi inayoua. Askari wa zimamoto mwenye nia njema na mtungi wake wa kawaida anaweza kuzidisha maafa asipojua hilo.

Ndiyo maana nawaelewa wanaosema kitabu hiki kitafsiriwe chote kwa Kiswahili, kiwekwe kwenye kila gari la zimamoto na kila gari la polisi wa barabarani. Namba zake ni za Umoja wa Mataifa, hazibadiliki mpakani. Petroli ni 1203 Tunduma, Malaba na Kasumbalesa. Kinapatikana bure mtandaoni na kwenye simu, ila kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Tena mizigo yenyewe inapita kwetu kila siku: sianidi kwenda migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, salfa kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo. Februari 2019, mkoani Lualaba, lori la tindikali liligongana na basi, tindikali ikawamwagikia abiria, na watu takriban 20 wakafa. Kwa tindikali ya salfa, namba 1830, mwongozo 137 unasema kama hakuna moto usiumwagie mzigo maji, jambo ambalo kila mmoja wetu angekimbilia kulifanya. Kumwosha majeruhi kwa maji mengi ni suala jingine, na hilo mwongozo unalitaka. Tofauti hiyo ndogo haibuniwi na mtu aliyepaniki.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, na mimi sikuwahi kuipa uzito wake hadi nilipoitazama upya ajali ya lori la mafuta ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti 2019. Zaidi ya watu 100 walikufa pale. Nani kati yao hakujua kwamba ile ni petroli? Walikuja na madumu kwa sababu walijua. Sachang'wan nchini Kenya mwaka 2009, Sange kule Kivu Kusini mwaka 2010, habari ni ile ile. Kitabu kinajibu swali la "hiki ni nini?", na barabarani kwetu ajali zilizoua wengi zaidi hazikuwa na swali hilo. Mwongozo 128 unataka mita 50 kwa petroli iliyomwagika, 300 upande upepo unakoelekea ikiwa imemwagika nyingi, na 800 kila upande tenki likishika moto. Askari wawili wasio na hata utepe watawarudisha vipi watu mia mbili wenye madumu hadi mita 800?

Kuna pia suala la kibao. Februari 2023 treni ya mizigo iliacha reli East Palestine, jimboni Ohio, Marekani, nchi kitabu hicho kilikozaliwa. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba vibao vya plastiki viliungua, na orodha ya mizigo ilichelewa kuwafikia zimamoto waliokuwa wakipambana na moto wenye vinaili kloraidi, kemikali ya kutengenezea plastiki, ndani yake. Kitabu walikuwa nacho. Walichokosa ni ile namba ya tarakimu nne. Nami nimesimama Chalinze nikihesabu malori ya tenki yanayopita: kibao kimoja kimefunikwa tope, kingine kimepauka hadi 3 na 8 hazitofautiani, kingine nusu yake imekatika. Kwa malori hayo, hata tafsiri nzuri kiasi gani haina pa kuanzia.

Ulaya wana njia nyingine: msafirishaji humpa dereva maelekezo ya kurasa nne, kwa lugha anayoisoma na kuielewa, yakakaa ndani ya kabini. Naipenda kwa sababu inamheshimu dereva. Lakini dereva wa kwetu mara nyingi amekufa, amebanwa, au amekimbia akihofia kipigo cha wananchi, na karatasi zake zimo ndani ya kabini ambayo hakuna anayepaswa kuisogelea.

Nikizipima hoja zote mbili, tafsiri naiunga mkono, lakini sikubali ianze na kitabu kizima. Miongozo inayohusu mizigo inayopita kwetu haizidi kumi na kitu: mafuta, gesi ya kupikia, sianidi, tindikali ya salfa, salfa, klorini ya kusafishia maji, amonia, amoniamu naitreti. Hiyo itafsiriwe kwanza, ipelekwe kwa zimamoto na polisi pamoja na mafunzo, na mwongozo 111 juu yake, ule wa mzigo usiojulikana.

Mwenye bodaboda hatafungua kitabu. Yeye anahitaji mambo matatu ya kukariri: asogee upande upepo unakotoka, awazuie wengine akiwa mbali, asome namba kwa mbali, hata kwa kukuza picha ya simu, na kuitaja anapopiga 114, namba ya zimamoto Tanzania. Atakayepokea simu ile ndiye awe na kitabu mezani, kimefunguliwa, na awe amefundishwa kuuliza kabla ya jina la kijiji: "Kibaoni pameandikwa namba gani?"

Na kwenye mizani, ambako kila lori husimama, mtu apewe kazi ya kukagua vibao. Lori ambalo namba yake haisomeki hatua hamsini lisiondoke hadi libandikwe kingine.