Nilivyopelekwa kwa Mama Mkwe na Breki ya Kulia

Kwetu Tongaren, kaunti ya Bungoma, mama mkwe ni mtu wa kuonwa kwa mbali. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi. Mahindi yakiwa bado mafupi, shauri yako. Kwa hiyo mke wangu alipojifungua na tukaambiwa mama yake anakuja kumwona mtoto, Papa, baba yangu, aliniita kando akaniuliza kwa upole, "Siku hiyo utakuwa wapi?"

Nikamwambia nitakuwa chini ya trekta.

Haukuwa uongo. Tuna Massey Ferguson 35 ya mwaka wa 1962, silinda tatu, ya kule Coventry, Uingereza, ambayo marehemu Kuka, babu yangu, aliinunua kwa mlowezi aliyekuwa akifungasha virago. Trekta ni ndogo lakini ina kiburi cha mzee: siku hizi haiwaki mpaka uiteremshe mlima. Kwa miezi kadhaa gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa linatoa machozi meusi. Fundi wetu wa jua kali alichungulia mara moja tu, akasema oili sili ya ekseli, ile pete ya kuzuia oili, imekufa, oili ya difu, yaani ya gia za nyuma, inaingia kwenye dramu ya breki, na breki shu zinazoibana dramu hiyo zimelowa chapachapa.

"Nunua sili mbili na breki shu za pande zote," akasema. "Hapa kila gurudumu lina breki yake."

Nilinunua za upande mmoja. Upande wa kushoto haukuwa ukivuja, angalau kwa nje, na mimi si mtu wa kutibu ambaye hajalalamika. Pesa zilizobaki niliziita akiba, nikazinywa jioni hiyo hiyo.

Siku yenyewe niliamkia kazini. Nikapiga jeki, nikasukuma gogo la mkaratusi chini ya ekseli, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Nilichosahau ni kwamba Kuka alijaza maji kwenye tairi za nyuma ili trekta isiteleze ikivuta plau. Nati ya mwisho ilipotoka, gurudumu liliniegemea kama mlevi anayetaka kukusimulia matatizo yake. Mimi na mpwa wangu tulilikumbatia muda mrefu, hakuna anayethubutu kupiga kelele, maana wageni walishafika. Vigelegele tulivisikia kutoka uani.

Dramu nayo ikagoma. Skrubu zake zilishaoana na kutu. Nikazimwagia mafuta ya taa, nikawa nagonga na nyundo niliyoivika soksi ili wakwe wasisikie. Dramu ilipotoka, breki shu zilikuwa zinang'aa kama maandazi yaliyotolewa kwenye karai sasa hivi.

Ikabaki ekseli. Unafungua nati zinazoishika, halafu unavuta. Nikavuta. Wapi! Nikakanyaga trekta kwa mguu mmoja, nikavuta kwa hasira ya siku nzima, ikachomoka yote kwa mpigo pamoja na beringi yake. Nilianguka chali, chuma kifuani, oili ikinifuata mpaka shingoni.

Mpwa wangu akainama akanitazama. "Hongera, mjomba. Ni mvulana."

Sili mpya niliipigilia taratibu kwa kipande cha ubao, mdomo wake ukitazama ndani kwenye oili, kama fundi alivyonionyesha. Hapo sikukosea, naomba niandikiwe hilo. Kufikia saa kumi gurudumu lilikuwa limerudi na mimi nimejaa sifa.

Mtu mwenye akili angeijaribu breki kwenye tambarare. Lakini trekta yetu, nimeshasema, haiwaki mpaka iteremke. Nikapanda, nikaachia klachi katikati ya mteremko, ikawaka vizuri ajabu. Nikakanyaga klachi tena, nikazibana pedali zote mbili za breki pamoja, nikakanyaga.

Breki ya kulia ilishika kama mamba. Ya kushoto ilitoa mlio mwembamba, kama mtu anayecheka usingizini, ikaendelea na safari. Gurudumu moja likisimama na lingine likienda, trekta hugeuka. Ikageuka kulia. Kulia kuna mabingobingo, na nyuma ya mabingobingo kuna ua, na uani kuna mparachichi, na chini ya mparachichi wameketi wakwe.

Nikaachia breki: ikaongeza mwendo. Nikakanyaga: ikazidi kuelekea kulia. Nilikuwa na breki nzuri kabisa, na kila nilipoitumia ilinilenga sawasawa kwa mama mkwe. Shangazi wawili walitoka mbio, mmoja na sufuria ya kuku mkononi (hakumwaga hata tone, nilimheshimu sana). Trekta ikapanda lundo la magunzi, ikakohoa, ikazima.

Nilikuwa nimesimamishwa hatua mbili kutoka kwa mama mkwe. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kumwona uso. Mimi niliyepakwa oili kutoka nywele hadi kucha. Yeye amempakata mtoto, hajasogea hata inchi moja. Aligeuza uso kando haraka, kama mila inavyotaka. Nami nikatazama usukani. Kimya.

Kisha akasema, akielekea mparachichi, "Mwambieni mkwe breki ya kushoto nayo imelowa oili."

Shangazi mmoja akarudi taratibu, akasimama katikati yetu, akaniambia kwa heshima, "Unaambiwa breki ya kushoto nayo imelowa oili."

"Mwambieni nimesikia."

"Amesikia."

"Mwambieni baba yenu ameendesha trekta za miwa miaka mingi, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana."

Nikaambiwa na hilo.

Papa alihukumu nitoe blanketi na jogoo, nikatoa bila kubishana. Wiki iliyofuata mke wangu aliporudi kutoka kwao alinipa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na oili sili moja, mpya, imepakwa grisi tayari.

Ilikuwa saizi yenyewe.